Kondoo Dume Nambari Sitini na Sita

Kwa miaka kumi na minne nilihesabu mayai, na hakuna hata moja lililotagwa na kuku.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi mtanisamehe nikifungua maneno yangu kwa mavi, lakini riziki yangu ilitoka huko. Kila asubuhi nilichukua mavi ya kondoo, nikayasaga kwenye maji ya chumvi nyingi, nikayachuja kwa chujio la chai, kisha nikaweka tone kwenye kioo na kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Akina mama wa kanisa letu pale Kangemi walipouliza nafanya kazi gani, niliwaambia mimi ni karani wa hesabu. Sikudanganya. Walifurahi sana, na tangu siku hiyo kila harusi ikija mimi ndiye nilipewa kuhesabu viti na sahani.

Kituo chetu kilikuwa kidogo: mabanda matatu, chumba cha hadubini, na malisho yaliyoteremka hadi mtoni. Ukisimama langoni uliona mabati ya Kangemi upande mmoja, na upande wa pili kahawa ya Loresho, maana siku hizo Loresho ilikuwa kahawa, si mageti. Niliingia pale miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Maragoli na mume wangu, fundi wa mbao, nikaandikwa kupika chai. Mkubwa wetu, Daktari Mwaniki, aliniona siku moja nikipanga vikombe sita sita, vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Akaniuliza kama naweza kukaa na kitu kidogo saa nzima bila kuchoka. Nikamwambia nimelea mapacha. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye hadubini, na jina langu likawa Mama Pacha mpaka nilipostaafu.

Daktari Mwaniki alikuwa mrefu, mwenye haraka, ambaye alisomea ng'ambo akarudi na koti moja zuri na wazo moja gumu. Koti liliisha baada ya miaka mitatu. Wazo lilikuwa hili.

Kuna mnyoo unaoishi tumboni mwa kondoo, mwembamba kama uzi, mwekundu na mweupe kama kamba iliyosokotwa. Unanyonya damu. Kondoo mwenye minyoo mingi hupauka, taya lake huvimba kama ameficha andazi, na baada ya mvua ndefu unamkuta amelala haamki. Mayai hutoka na mavi, huanguliwa, vijidudu hupanda majani yenye umande, na kondoo mwingine anakuja kuyala. Hivyo ndivyo maradhi yanavyotoka kwa mmoja yakaingia kundi zima. Sisi tulipigana nayo kwa dawa ya kunywesha. Tuliwanywesha mpaka kondoo wakawa wakiona koti jeupe wanaruka ua. Minyoo ikarudi tu, na mingine ikawa imeizoea dawa kama mlevi alivyoizoea chang'aa.

Lakini miongoni mwa kondoo wetu wekundu, wale wa Kimaasai wenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta, walikuwako wachache waliokula majani yale yale na kunywa maji yale yale, na bado wakanawiri. Daktari akasema tusiwape dawa msimu wa mvua. Tuhesabu mayai ya kila dume. Yule mwenye mayai machache kuliko wote tumpe majike, tuone kama watoto watarithi nguvu zake. Wakirithi, hawatajisaidia wenyewe tu, alisema. Watapunguza mayai yanayoanguka malishoni, na hata wale dhaifu watapata nafuu.

Yalikuwa maneno mazuri, na yote yaliegemea kidole cha mtu mmoja, yule anayehesabu.

Hapo lazima niwatajie Lekishon. Alikuwa mchungaji wetu, wa kondoo, si wa kanisa. Alitoka Kajiado, umri wake kama miaka thelathini, na alikuwa na kofia ya ngozi ambayo sikuwahi kumwona bila hiyo. Yeye ndiye alinifundisha kusoma kondoo kwa jicho. Unamshika kichwa, unavuta kope la chini taratibu, unatazama ndani. Likiwa jekundu kama ulimi wa mtoto, mwache aende. Likiwa jeupe kama karatasi, mwite Daktari. Nilijaribu kwa mume wangu siku moja mwisho wa mwezi alipokuwa amechoka, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia minyoo. Hakuongea nami hadi chakula cha jioni.

Lekishon huyo huyo ndiye alipika hesabu zangu. Mwanzoni sikuwa na chombo cha kuhesabia. Kila mayai mia moja niliweka haragwe moja kwenye sahani, kila kondoo na sahani yake. Siku moja nilitoka kidogo, niliporudi nikakuta sahani zimeoshwa na sufuria ya Lekishon inachemka. Alikuwa amepika kondoo kumi na wawili pamoja na mahindi. Alishangaa kwa nini nimekasirika, maana alidhani nimemwachia maharagwe kwa wema. Nilirudia kazi ya siku mbili. Githeri nilikula pia, kwa sababu mimi nilikuwa nimekasirika lakini tumbo halikuwa limekasirika. Daktari aliposikia alishuka mjini akarudi na kile kidude cha kubonyeza kwa kidole, kama cha watu wa mlangoni wanaohesabu wanaoingia uwanjani. Basi hilo la kwanza lishikeni: usihesabie kitu kinacholiwa.

Kosa hilo lilichekesha siku hiyo hiyo. Lile ninalotaka kuwapa leo halikuchekesha mtu kwa zaidi ya mwaka.

Tulikuwa na madume thelathini, kila mmoja na hereni ya bati sikioni yenye nambari. Lekishon alikuwa na majike malishoni, kwa hiyo madume niliwashughulikia peke yangu zizini. Kumkamata dume peke yako kuna ufundi. Msukume kwenye pembe ya ua, kisha mpande kama farasi, lakini uso wako uelekee mkiani. Mbane shingo kwa magoti. Mikono yako yote miwili iko huru, unapata mavi yenye joto moja kwa moja, siyo ya kuokota chini ambayo hujui ni ya nani. Ukimaliza, unainama, unachungulia kati ya magoti yako mwenyewe, unasoma hereni, unaandika kwenye chupa. Niliona nimevumbua kitu kikubwa. Nilikuwa namaliza madume thelathini kabla ya chai ya saa nne.

Sasa jaribuni wenyewe nyumbani. Mtu akiinama na kuchungulia kati ya magoti yake, dunia huiona miguu juu. Nambari nyingi zikipinduka utajua zimepinduka, utageuza kichwa na kuzisoma vizuri. Ukiona nne imesimama kwa kichwa, huwezi kuikosa. Lakini katika zizi letu mlikuwa na dume mmoja nambari 66 na mwingine nambari 99.

Nilichukua mavi yao wiki tatu mfululizo, kwa njia ile ile. Kitabu kikasema dume 99 ana mayai machache kuliko wote, na 66 ni miongoni mwa wabaya kabisa. Daktari aliangalia kitabu, akaenda zizini, akasoma hereni akiwa amesimama wima kama binadamu wa kawaida, akamtoa 99. Alikuwa dume mzuri wa sura, kifua mbele, mkia kama mto wa kulalia. Tukamwita Chifu. Akapewa majike arobaini.

Waliobaki wakauzwa. Aliyemchukua 66 alikuwa mzee mmoja wa Riruta, Mzee Karanja, mwenye nyumba za kupangisha. Lekishon alipokuwa anamfunga kamba alimvuta yule dume kope, akatazama, akaniita. Akasema huyu ana damu nzuri, mbona tunamwachilia? Mimi nilikuwa na kitabu mkononi na kalamu sikioni. Nilimjibu kwamba yeye ana macho, lakini mimi nina hadubini. Nakumbuka hata nilivyosimama nikisema hivyo, mkono kiunoni. Lekishon akainua mabega, akampa mzee kamba.

Watoto wa Chifu walizaliwa wengi na wazuri. Mvua ndefu ilipokuja tukawatoa malishoni bila dawa, tukingoja kuona muujiza. Wiki ya nne wakaanza kupauka. Wiki ya sita mataya yakavimba. Niliweka tone chini ya hadubini nikaona mayai yamejaa kama ugoro. Wachache tuliwaokoa kwa dawa, wengi tuliwazika. Lekishon alikuwa akiwabeba mmoja mmoja mabegani kutoka mtoni na kuwalaza mbele ya ofisi. Daktari alihesabu pamoja nami mpaka macho yake yakawa mekundu kuliko ya kondoo yeyote. Alianza kusema kwamba labda alikosea, labda nguvu ile hairithiwi kabisa. Halafu mkubwa wake mjini akaandika barua. Ilisema mradi haujazaa kitu, kundi liuzwe mwisho wa mwezi, na sisi wafanyakazi tungoje kuambiwa.

Siku mbili baada ya barua, Daktari aliniomba nimpime Chifu mara moja ya mwisho. Tangu apewe majike hakuna aliyempima. Tulipima watoto tu. Nikaenda zizini, nikampanda, nikachukua, nikainama, nikachungulia, nikaandika kwenye chupa: 66.

Nilikuwa nimeshaifunga chupa. Nikaitazama. Sitini na sita aliuzwa mwaka jana, mimi mwenyewe nilisimama pale mkono kiunoni. Nikashuka, nikazunguka mbele, nikasoma hereni kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Nikakaa chini kwenye majani ya zizi, na Chifu akaja kunusa skafu yangu.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kwenda kusema. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Tulikuwa na chumba kimoja Kangemi, mapacha walikuwa darasa la pili, na kazi ya mbao ya mume wangu ilikuwa leo ipo kesho haipo. Nilimweleza yeye. Alipiga msasa mguu wa kiti, kisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine anaweza kuligundua kosa hilo. Nikasema hakuna, kundi likiuzwa ndiyo basi. Akaendelea kupiga msasa. Halafu akasema yeye akikata ubao kimakosa huwa ana chaguo mbili, kusema au kuweka rangi nyingi, na viti vyenye rangi nyingi ndivyo vinamrudia. Usingizi ulinipotea.

Asubuhi nilimkuta Daktari akifungasha vitabu kwenye sanduku.

"Daktari," nikamwambia, "Chifu siye. Mwenye mayai machache alikuwa sitini na sita. Nilisoma hereni zikiwa zimepinduka, wiki zote tatu."

Hakunielewa. Nikamweleza tena, na magoti, na kuchungulia. Alitoka akaenda zizini na suruali yake safi, akampanda Chifu akitazama mkiani, akainama, akachungulia kati ya magoti yake. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Lekishon alifika na ndoo ya maji, akamwona mkubwa wake katika hali ile, na nikamwona akivua kofia.

"Sitini na sita," Daktari alisema akiwa bado ameinama. "Yuko wapi?"

Lekishon ndiye alijibu kwamba yuko Riruta, kama hajaliwa.

Tulipanda gari la kituo sisi watatu. Ilikuwa Alhamisi. Njiani nilikuwa naomba kimoyomoyo, sala ya ajabu, kwamba Mungu amnyime Mzee Karanja hamu ya nyama kwa mwaka mzima. Riruta tuliuliza mara mbili tukaelekezwa kwenye ua wenye vyumba vya wapangaji pande mbili na nyumba ya mawe mwisho. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kizizi kidogo cha mbao chini ya paa, na ndani yake alisimama sitini na sita akitafuna majani ya viazi vitamu. Alikuwa amenenepa mpaka hereni ilionekana ndogo. Nilitamani kumkumbatia.

Furaha ilidumu mpaka Mzee Karanja alipofungua mdomo. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya chini. Akatuambia huyo ni dume wa kunoneshwa, amemlisha mwaka mzima kwa mkono wake kwa ajili ya ruracio, siku ya kupokea mahari ya binti yake. Wakwe wanakuja.

"Wanakuja lini?" Daktari akauliza.

"Jumamosi."

Daktari akaanza kusema maneno makubwa. Alitaja utafiti, akataja taifa, akataja wakulima wa kesho. Mzee Karanja alisikiliza yote kwa heshima, akaagiza chai iletwe, na chai ilipofika akasema wakwe wameshaambiwa juu ya dume huyo, na mtu hawezi kuwaambia wakwe dume amechukuliwa na taifa. Nikaweka kikombe chini.

"Mzee," nikamwambia, "taifa halina makosa. Ni mimi nilikosa. Huyu ndiye alipaswa kubaki, na yule tuliyembakisha ndiye alipaswa kuja kwako. Nilisoma sikio lake vibaya."

Akaniuliza mtu anawezaje kusoma sikio vibaya wiki tatu. Nikaeleza. Hakuelewa. Mke wake, Mama Njoki, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika, naye hakuelewa. Mzee akaniomba nionyeshe. Basi vijana wangu, nilifungua kile kizizi, nikapandisha sketi kidogo, nikampanda sitini na sita mbele ya mwenye nyumba, mkewe na wapangaji watano, nikainama na kuchungulia kati ya magoti. Yule dume kwa unene wake hakubanika. Alitoka na mimi mgongoni, akazunguka kamba ya nguo mara moja, akaniacha kwenye majani ya viazi.

Mama Njoki alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Alipopata pumzi alimgeukia mumewe. "Baba Njoki, huyu mama ameaibika ya kutosha kwa siku moja. Wape hiyo kondoo yao."

Mzee Karanja alifikiria. Akasema kwamba tangu amchukue hajawahi kumpa dawa hata tone, na jirani zake wote walipoteza kondoo mvua ilipoisha, yeye akadhani ni viazi vitamu. Akatoa masharti mawili. La kwanza, tulete dume wa kufanana naye, mwenye mkia wa heshima, kesho kabla ya adhuhuri. La pili, kwa kuwa yeye hawezi kusimulia jambo kama hilo, mimi nije Jumamosi niwaeleze wakwe kwa nini dume si yule waliyeambiwa.

Hivyo Ijumaa Chifu alikwenda Riruta. Maskini, hakuwa na kosa lolote. Mimi nilimpa cheo na mimi nikamvua. Mzee Karanja alimpapasa mkia, akaridhika. Daktari alimhakikishia kwamba minyoo ya tumboni hailiwi na nyama yake haina shida, na Lekishon akarudi na sitini na sita akiwa amekaa naye nyuma ya gari kama mtu anayemsindikiza bwana harusi.

Jumamosi nilivaa nguo ya kanisani. Wakwe walikuwa wametoka upande wa Limuru, wazee kwa akina mama, na nyama ilikuwa imeshaanza kuzunguka nilipoitwa. Nimesema mbele ya watu mara nyingi maishani, lakini ile ndiyo mara pekee nimeeleza habari za mavi kwa watu wanaokula. Nilijitahidi. Nikasema dume hachaguliwi kwa kifua wala mkia, anachaguliwa kwa kile anachokiacha nyuma yake. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza taratibu kama ninamaanisha kijana wao. Kabla sijajibu, shangazi wa kijana akasimama kumtetea, akaapa kwamba kijana wao hajaacha chochote nyuma mahali popote, na kama kuna msichana anayesema hivyo aletwe. Bwana harusi akainamisha kichwa. Ilichukua muda na sahani nyingi kueleza kwamba tulikuwa bado tunaongea juu ya kondoo. Ndoa ilifungwa. Mama Njoki alikuwa akinisalimu kwa kicheko kila tulipokutana sokoni Kangemi, kabla hata hajafika.

Jumatatu Daktari aliniambia nivae viatu vizuri, tunakwenda mjini. Tulipanda ngazi za jengo la ofisi, akaingia kwa mkubwa wake, nami nikaachwa kwenye benchi la korido. Nilisikia sauti zikipanda na kushuka. Nilikuwa na hakika jina langu linatajwa humo ndani. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyouza ndizi. Alipotoka aliniambia maneno mawili tu: "Mvua moja." Tulikuwa tumepewa msimu mmoja zaidi. Juu yangu hakusema kitu, nami sikuwa na moyo wa kuuliza.

Safari hii tulifanya kazi kama watu walioungua. Lekishon alichora mstari wa rangi chini ya kila nambari, ili hata ukisimama kwa kichwa ujue chini ni wapi. Mimi nilikataa kuandika chupa. Nilimwomba Lekishon achukue mavi, Daktari aweke alama ya herufi anayoijua yeye peke yake, mimi nihesabu bila kujua chupa ni ya kondoo gani. Hilo nalo lishikeni, hata kama kazi yenu haina mavi: ukimpenda kondoo fulani, jicho lako litamfichia mayai. Afadhali usimjue.

Watoto wa sitini na sita walizaliwa kabla ya Krismasi, wadogo, wekundu, wasio na sura ya kujivunia. Mvua ndefu ilikuja, nzito kuliko ya mwaka uliotangulia. Tukawatoa malishoni. Nilikuwa nikisikia mvua ikipiga mabati nyumbani naanza kuhesabu bila kidude. Wiki ya nne Lekishon alivuta kope zao mmoja mmoja akapita bila kuita mtu. Wiki ya sita nilihesabu chupa zote. Chupa B nilihesabu mara tatu, nikidhani nimesahau kuweka chumvi, kwa sababu kioo kilikuwa karibu kitupu. Daktari alifungua karatasi yake ya herufi. B alikuwa mtoto wa sitini na sita. F vilevile. K vilevile. Si wote. Wawili watatu walipauka kama karatasi, maana kurithi si kupigwa mhuri. Lakini wengi wao walisimama, na hata kondoo wengine waliochungwa pamoja nao kwenye malisho yale hawakuumwa kama mwaka wa nyuma. Tulizika wachache sana. Mjini waliandika barua nyingine, fupi, kwamba kundi libaki.

Daktari alikaa mwezi mzima akiandika ripoti. Siku aliyoimaliza aliniletea kwenye hadubini, akasema nisome kabla haijakwenda mjini. Ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kutosha kwa kilichoniogopesha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoeleza yale ya mwaka wa kwanza, nikaanza kutafuta jina langu kwa kidole, mstari kwa mstari. Halikuwapo. Aliandika kwamba mwaka ule sisi tulisoma nambari vibaya, sisi tukachagua dume asiye sahihi, na sisi tukarekebisha. Kila mahali ni sisi. Nikageuza kurasa mpaka ya mwisho kabisa, pale wanaposhukuru watu. Hapo ndipo jina langu lilikuwa, jina langu kamili la ubatizo, na chini yake la Lekishon, na mbele yetu neno moja: wahesabuji.

Lekishon alicheka nilipomsomea, akasema yeye hesabu yake ya pekee aliipika. Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri niseme kitu. Nilimrudishia ripoti yake, nikamwambia ni nzuri, nikatoka uani kwenye bomba, nikakaa huko mpaka saa ya chai nikiosha chupa ambazo zote zilikuwa safi.